Anayeanza kubeba vyuma asikimbilie uzito mkubwa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KUMBI za mazoezi, maarufu kama jimu, si jambo geni tena katika Jiji la Dodoma. Zipo zenye mashine za kisasa na vioo ukutani, na zipo za uani, ambako chuma ni bomba lililotiwa kopo la zege kila upande. Kote huko, anayeingia kwa mara ya kwanza hukutana na kishawishi kimoja: kumtazama mtu wa miraba minne aliyefanya mazoezi kwa miaka kadhaa, kisha kutaka kubeba anachobeba yeye siku hiyo hiyo.

Matokeo yake yanajulikana. Wapo wanaoumia mgongo au bega katika wiki za mwanzo, wapo wanaokata tamaa na kuacha, na wapo wanaotafuta njia ya mkato kwenye vidonge na sindano. Makala haya yanaeleza jinsi misuli inavyopata nguvu, namna anayeanza anavyoweza kujipangia mazoezi, vyakula vya Kanda ya Kati vinavyomtosha, na hatari anazopaswa kuziepuka.

Kwa nini nguvu ni suala la afya

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973, lakini uhamisho wa Serikali ulipata kasi kuanzia mwaka 2016, na Aprili 26, 2018 mji huo ukatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.08 katika mkoa mzima. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 3. Pamoja na ongezeko hilo zimekuja kazi za kukaa kitini kutwa nzima, na safari za bodaboda na daladala ambazo zamani zingekuwa za miguu.

Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Hata hivyo, kwa watu wengi neno mazoezi humaanisha kukimbia au kutembea tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unakwenda mbali zaidi: unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya kuchangamsha moyo kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki.

Sababu ni za kitabibu. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya mlo, hivyo misuli inayofanya kazi humsaidia mtu kujikinga na kisukari cha ukubwani. Aidha, mzigo unaobebwa na misuli huufanya mfupa uwe imara. Mtu asiyeitumia misuli yake huanza kuipoteza polepole akiwa bado na umri wa kufanya kazi, na upotevu huo huongezeka kasi anapopita miaka 60, ambapo hata kunyanyuka kitini huweza kuwa shida.

Ndama wa Milo na siri ya kuongeza

Simulizi ya kale ya Wagiriki inamtaja Milo wa mji wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya sita kabla ya Kristo aliyeshinda mara sita katika michezo ya Olimpiki, mojawapo ikiwa katika kundi la vijana. Inasimuliwa kuwa alimbeba ndama begani kila siku tangu akiwa mdogo. Ndama akakua, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye, hadi akawa anabeba ng'ombe dume. Wafugaji wa Ugogoni na Singida wanaweza kuicheka simulizi hiyo, kwa kuwa wanajua uzito wa dume. Lakini kanuni iliyomo ni ya kweli: mwili huongezewa mzigo kidogo kidogo, nao hujibu.

Kanuni hiyo iliingia hospitalini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwapa askari waliojeruhiwa mazoezi ya kunyanyua vyuma vizito kwa marudio machache na kuwaongezea uzito hatua kwa hatua. Mwaka 1945 alichapisha maelezo ya njia yake, na mpangilio wa seti na marudio unaotumika katika jimu leo una asili yake humo.

Msomaji anapaswa kufahamu kuwa katika wiki nne hadi nane za mwanzo, sehemu kubwa ya nguvu inayoongezeka haitokani na misuli kunenepa. Hutokana na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa pamoja. Ndiyo maana mtu huweza kubeba kilo nyingi zaidi kuliko mwezi uliopita huku shati lake likimkaa vile vile. Anayejipima kwa kioo peke yake wakati huo hukata tamaa bure; anayeandika uzito anaobeba kwenye daftari huyaona maendeleo yake.

Kadhalika, kano na viungo hukomaa taratibu kuliko misuli. Mtu anayeongeza uzito kwa pupa hujikuta na misuli iliyo tayari lakini kano ambazo bado, na hapo ndipo maumivu ya bega, kiwiko na goti yanapoanzia.

Ratiba ya anayeanza

Kwa mtu mpya, siku tatu kwa wiki zinatosha, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila siku afanye mwili mzima, badala ya kifua leo na mikono kesho kama wafanyavyo watunisha misuli wazoefu. Miondoko mitano inatosha kugusa misuli yote mikubwa:

1. Kuchuchumaa na kusimama, kwanza bila mzigo, kisha ukiwa na uzito kifuani au begani.

2. Kuinua mzigo kutoka sakafuni, mgongo ukiwa umenyooka, nguvu ikitoka mapajani na kwenye nyonga.

3. Kusukuma, yaani pushapu, au chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi.

4. Kuvuta mzigo kuelekea tumboni ukiwa umeinama, au kujivuta juu kwenye bomba.

5. Kusukuma uzito kutoka mabegani kwenda juu ya kichwa.

Kila mondoko ufanywe seti mbili au tatu za marudio manane hadi 12, na kati ya seti moja na nyingine mtu apumzike dakika mbili hivi. Uzito sahihi ni ule unaomwezesha kumaliza seti akiwa bado anaweza kurudia mara mbili zaidi bila kuharibu mkao. Kabla ya kuanza, apashe mwili joto kwa dakika tano hadi kumi. Asibane pumzi: aitoe wakati wa kunyanyua na kuivuta wakati wa kushusha.

Akifikisha marudio 12 katika seti zote kwa mkao mzuri, ndipo aongeze uzito, na nyongeza iwe ndogo. Chuma kirefu cha kawaida cha jimu kina kilo 20 kabla ya kutiwa sahani. Anayeanza na chuma hicho kitupu na kuongeza kilo 2.5 kwa wiki, baada ya wiki nane atakuwa amefika kilo 40, yaani mara mbili ya alipoanzia. Si kila mondoko utakwenda kwa kasi hiyo, hasa ile ya mabega, wala mwendo huo haudumu milele. Ukigota, mtu hubaki na uzito ule ule kwa wiki kadhaa.

Asiyemudu ada ya jimu hana sababu ya kukaa bure. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu la lita 20 ni chuma chenye vipimo vyake. Anayeanza na lita tano na kuongeza nusu lita kila wiki anafuata kanuni ile ile ya DeLorme. Maji hayo yakishatumika hubaki kwa matumizi mengine. Haba na haba hujaza kibaba. Hujaza dumu pia.

Chakula cha Kanda ya Kati kinatosha

Misuli hujengwa kwa protini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayefanya mazoezi ya nguvu hufaidika na protini hadi kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Zaidi ya hapo faida ya ziada ni ndogo. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni gramu 96.

Kiasi hicho hakihitaji makopo ya unga wa protini kutoka ng'ambo. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, nusu lita ya maziwa 16, bakuli la kunde zilizopikwa 13, gramu 100 za nyama ya mbuzi iliyopikwa, kama ile inayochomwa katika mnada wa Msalato, takriban 25, na gramu 50 za karanga 12. Ugali uliopikwa kwa gramu 200 za unga wa mtama au uwele huongeza gramu 20 hivi. Jumla inakaribia 100. Siku isiyo na nyama, dagaa wakavu, maharage au njugu mawe huziba pengo.

Ugali wa mtama kwa mlenda ni mlo wa asili wa Wagogo, lakini peke yake hautoshi kwa anayejenga misuli, kwa kuwa protini ya mtama ina upungufu wa laisini, kiungo kinachopatikana kwa wingi katika kunde na maharage. Vikiliwa pamoja, kimoja hukamilisha kingine.

Karanga nazo, ambazo Waingereza walijaribu kuzilima kwa matrekta huko Kongwa kati ya mwaka 1947 na 1951 wakashindwa, bado zinavunwa na wakulima wadogo wa kanda hii. Mnunuzi achague zilizokauka vizuri na zisizo na ukungu, kwani mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Maji nayo yasisahaulike. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, hasa kati ya Mei na Novemba. Jasho hukauka kabla halijatiririka, na mtu hudhani hajapoteza maji. Rangi ya mkojo ndiyo ishara nzuri: ukiwa wa njano iliyokolea, anywe.

Mapumziko ni sehemu ya kazi

Misuli haijengeki wakati wa kunyanyua, bali baada yake. Kwa siku moja hadi mbili baada ya mazoezi mwili huwa katika shughuli ya kukarabati, na ndiyo sababu ratiba huacha siku katikati. Usingizi wa saa saba au zaidi ni wa lazima kama chakula. Maumivu ya misuli yanayofika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu ni ya kawaida kwa mgeni, lakini si kipimo cha mazoezi mazuri.

Hatari za kuepuka

Mazoezi makali kupita kiasi siku ya kwanza huweza kuvunja misuli kiasi cha kumwaga kemikali zake kwenye damu na kuziba figo. Dalili ni misuli kuvimba na kuuma sana, na mkojo kuwa na rangi kama ya chai ya rangi au soda nyeusi. Anayeona hivyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, selimundu au mimba azungumze kwanza na daktari. Na kila aliyevuka miaka 40 ni vizuri apime shinikizo kabla ya kuanza.

Hatari nyingine ni dawa za homoni zinazotunisha misuli. Zinapotumiwa bila daktari hudhuru moyo na ini, huweza kumfanya mwanamume kuota matiti, na korodani zake kusinyaa na kuacha kutoa mbegu. Mwanamke anayezitumia huweza kuota ndevu na kubadilika sauti, na sauti hiyo huenda isirudi tena. Anayeambiwa kuwa vidonge visivyo na lebo vitampa kifua ndani ya mwezi mmoja ajue kuwa hakuna chakula kinachofanya hivyo.

Hapa ndipo hofu ya baadhi ya wanawake inapopatiwa jibu. Mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na wa mwanamume, hivyo kubeba vyuma hakumfanyi awe baunsa. Humpa nguvu, na mifupa imara atakayoihitaji baada ya ukomo wa hedhi.

Kwa jumla, anayeanza leo ajipe miezi mitatu kabla ya kuhukumu matokeo. Awe na daftari, siku tatu za wiki, miondoko mitano, sahani yenye kunde na dumu la maji. Yule wa miraba minne anayemtazama pembeni naye alianza na chuma kitupu.