Treni ya Boksi ama ya Kujijengea? Ubishi Huu Haukuanza Jana

Wasee, kuna watu wazima huko Uingereza na Marekani ambao wamebishana karibu miaka mia juu ya treni ndogo za kuweka mezani. Swali ni hili: kati ya yule aliyejijengea yake kwa kadibodi, waya na gundi, na yule aliyeitoa dukani kwa boksi ikiwa tayari, nani ndiye fundi wa kweli? Cheka tu. Lakini ukifuata historia yao utaona swali lenyewe si la treni. Ni la nani anaamua kitu gani kitakumbukwa.

Tuanze na boksi. Mwaka wa 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka treni za kuchezea kwa maonyesho ya biashara ya Leipzig, zikiwa na reli za vipimo maalum. Ujanja wote ulikuwa kwa hivyo vipimo. Leo unanunua kichwa cha treni, mwaka ujao mabehewa, mwaka wa tatu reli zaidi, na kila kitu kinaingiana.

Halafu cheki Frank Hornby wa Liverpool. Huyu mzee hakuanza na kiwanda. Alianza nyumbani, akiwakatia vijana wake vipande vya bati wajengee vitu, na mwaka wa 1901 akasajili uvumbuzi huo, ambao baadaye uliitwa Meccano. Treni zake zilipotoka 1920 zilikuwa zimefungwa kwa nati na bolti, mtoto angeweza kuzifungua na kuzirudisha. Yeye alifariki 1936. Miaka miwili baadaye kampuni yake ikaleta Hornby Dublo, treni ndogo ya kutosha mezani, unaiweka kwa reli na inatembea. Yaani jina ambalo leo watu wanalijua kwa treni za boksi lilianza na baba aliyekuwa akikata bati nyumbani.

Kwa hivyo wale wanaosema kununua ni uvivu, watulie kidogo. Si kila mtu ana karakana, na si kila mtu ana usiku mia moja wa kukata kadibodi. Hata wajenzi wenyewe walihitaji kuelewana na viwanda. Mwaka wa 1935 wapenzi wa treni walikutana Milwaukee, Marekani, wakaunda chama kinachoitwa NMRA. Shida kubwa ilikuwa kwamba magurudumu ya kampuni hii hayakupita vizuri kwa reli ya kampuni ile. Wakaandika vipimo vya pamoja, na vikawasaidia wote, anayejenga na anayenunua.

Lakini boksi lina shida yake. Kutengeneza kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni doo nyingi, so kiwanda lazima kiuze treni za aina moja kwa wingi ndio pesa irudi. Kinachagua treni maarufu. Ile ya kijijini, ambayo watu wachache tu wanaijua, inaachwa. Kiwanda kinakumbuka kile kinachouzika.

Hapo ndipo anaingia Roye England. Alitoka Australia akaenda Uingereza mwaka wa 1925 akiwa bado kijana. Aliona nyumba za zamani za paa za nyasi, eneo la Vale of White Horse, zikibadilishwa moja baada ya nyingine. Hakuna duka lililokuwa likiuza vile vijiji. Akaanza kupima na kuchora, halafu akazijenga kwa kadibodi, kipimo cha 1:76. Nyumba moja ingeweza kumla mamia ya saa. Mwaka wa 1954 kazi hiyo ikawa makumbusho ya Pendon, kijiji cha Long Wittenham, na hadi leo watu wanaenda kuona maisha ambayo nje hayako tena.

Sasa tulete hiyo hesabu nyumbani. Treni nyingi za boksi ni za kipimo cha 1:87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87 utapata kama 1,435, upana wa SGR. Poa. Lakini reli ya zamani, ile iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu 1901, ni ya milimita 1,000. Gawanya kwa 87: ni 11.5. Treni ya boksi la kawaida haitoshei hapo, hata uisukume vipi.

Msimamo wangu ni huu. Kinachouzwa, nunua bila aibu, na usikubali mtu akwambie wewe si fundi. Lakini ile stesheni ya mabati karibu na kwenu, hakuna kiwanda kitakuuzia. Nenda na futi yako uipime sasa, kabla mabati hayajang'olewa.