Suji tunamwimba Converse bila kumjua

Leo sina habari za boom wala UE. Nataka tuongee kuhusu mzee mmoja aliyefariki mwaka 1918. Kama umekulia Suji, au popote Upare, au tuseme ukweli, popote penye msiba wa Kikristo hapa Tanzania, umemwimba mara mia na huenda hujawahi kulisikia jina lake.

Chanzo ni jamaa wa chumba cha jirani, mgonjwa wa piano za Ulaya za karne ya 19, enzi wanayoiita ya Romantiki. Mimi nilikuwa namjua Chopin, na Liszt kwa jina tu, basi. Kumbe nyuma yao kuna jeshi zima la watunzi waliopigiwa makofi enzi zao, halafu kimya. Wapo watu kazi yao ni kuwafufua. Mji wa Husum, kaskazini mwa Ujerumani, una tamasha tangu 1987 la muziki wa piano ambao haupigwi kwingine. Kampuni ya Hyperion ya London nayo ilianza mwaka 1991 kurekodi konseto za piano zilizosahauliwa, na albamu zimeshapita 80. Ya kwanza ilikuwa ya Moszkowski na Paderewski. Huyu Paderewski, bwana, mwaka 1919 aliwahi hata kuwa waziri mkuu wa Poland!

Sasa nikajiuliza, katika jeshi hilo hakuna hata mmoja aliyefika kwetu milimani? Yupo. Anaitwa Charles Crozat Converse, Mmarekani, mzaliwa wa Massachusetts mwaka 1832. Ndiye aliyetunga tuni ya "Yesu kwetu ni rafiki".

Wengi wakisikia tenzi wanafikiri mtunzi alikuwa mchungaji fulani na kinanda chake cha kukanyaga. Huyu hapana. Miaka ya 1850 alivuka bahari kwenda Leipzig, kwenye chuo cha muziki ambacho Mendelssohn alikianzisha mwaka 1843. Piano alifundishwa na Louis Plaidy, mtu ambaye mazoezi yake ya vidole yaliwatesa wanafunzi wa Ulaya nzima, na leo naye ni marehemu wa pili, yaani kafa na jina limekufa. Nadharia alisoma kwa Hauptmann na Richter. Akafahamiana na Liszt mwenyewe. Aliporudi kwao akasomea sheria, akawa wakili kule Erie, Pennsylvania, akawa pia mbia katika kampuni ya kutengeneza vinanda. Aliandika ovacha za okestra, kantata ya Zaburi ya 126, vitu vizito. Nani anavipiga leo? Hata wale wafufuaji hawajamkumbuka.

Kilichobaki ni kile kidogo. Maneno yaliandikwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairish aliyehamia Kanada, akimfariji mama yake mgonjwa. Converse akayawekea tuni mwaka 1868, ikachapwa 1870 kwa jina la bandia, Karl Reden. Hapa nilicheka. "Converse" kwa Kiingereza ni kuzungumza, na "reden" kwa Kijerumani ni kuzungumza vilevile. Mwaka 1875 Ira Sankey akauweka kwenye kitabu chake cha nyimbo za injili na ukasambaa dunia nzima.

Na ana kioja kingine. Alikerwa kwamba Kiingereza hakina neno moja la kumtaja mtu bila kusema ni mwanamume au mwanamke, akabuni neno "thon" na kulitangaza mwaka 1884. Kamusi ya Webster ililiingiza mwaka 1934, toleo la 1961 likalitupa. Angezaliwa Suji asingehangaika. Kiswahili kina "yeye", na Chasu nacho hakibagui.

Sasa tuni ilipandaje mlimani? Misheni ya Wasabato Upare ilianzia Mamba Giti mwaka 1903, na waliokuja ni Wajerumani, Ehlers na Enns, ndipo kazi ikasambaa milima ya kusini hadi Suji. Walutheri walikuwa wametangulia Kilimanjaro tangu 1893, kisha wakaingia Upare Kaskazini, na misheni yao iliitwa ya wapi? Leipzig! Mji uleule. Sisemi kwamba wao ndio waliobeba wimbo huu, nasema tu dunia ni ndogo.

Ila kuna sababu iko ndani ya muziki wenyewe. Uandike mstari wa kwanza kwa solfa, utakuta noti tano tu: d, r, m, s, l. Hakuna fa, hakuna ti. Ni ngazi ambayo masikio mengi ya Kiafrika hayahitaji kufundishwa. Sauti ya pili na ya nne zinajipanga zenyewe, hata kwenye msiba usio na kwaya. Yule mwanafunzi wa Plaidy angeweza kujaza madoido ya Leipzig; akayaacha. Mimi naona hapo ndipo alipoonyesha kwamba alisoma.

Kinachoniuma ni vitabu vyetu vya maneno matupu. Unaimba miaka ishirini, juu ya wimbo kuna namba tu. Converse hayumo. Aliyetafsiri kwa Kiswahili hayumo. Na walimu wa kwaya wa milimani, waliokuwa wanaandika solfa kwa mkono kwenye madaftari na wengine kutunga za kwao, hao hawana hata namba. Converse angalau ana Wajerumani na Wamarekani wa kumchimbua siku wakitaka.

Kwa hiyo likizo hii nina kazi. Mwenye babu au bibi aliyefundisha kwaya Suji, Mamba, Kihurio au Vunta, na madaftari bado yako kabatini, tuwasiliane nije na kamera. Mchwa wa kwetu hawasomi solfa.