Mtopetope-mwitu

MTOPETOPE-MWITU (Annona senegalensis) ni mti mdogo, aghalabu kichaka, wa ukoo mmoja na mstafeli na mtomoko, uotao katika mapori makavu ya Afrika, na ambao katika nchi za bara kavu kama wilaya ya Chemba, Tanzania, hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Atakaye kuutambua na aanze kwa jani, ambalo ni zima lisilo na meno, la kijani chenye weupe wa buluu, na likifikichwa hutoa harufu nzuri. Lakini dalili iliyo bora, kwa rai yetu, ni ua, nalo huinamia chini hata mpita njia hulidhania tumba: petali 6 nene kama ngozi, za rangi ya maziwa au manjano, tabaka mbili za tatu tatu, zikisitiri stameni nyingi zilizosongamana, umbo la kale mno, sawa na la jamaa zake wa mbali, miti ya magnolia ya Asia na Marekani, na wachavushaji wake ni mbawakawa. Tunda likiiva huwa la rangi ya chungwa, tamu, lenye mbegu tele.