Maradhi ya hisia: Muuguzi asilegeze macho mgonjwa aanzapo kupata nafuu

MGONJWA wa maradhi ya hisia hukabiliwa na hatari si pale tu anapolemewa na huzuni, bali pia katika siku za mwanzo za kupata nafuu. Nguvu za mwili zaweza kurejea kabla ya matumaini, na mtu aliyeshindwa hata kuinuka kitandani akapata uwezo wa kutekeleza wazo la kujitoa uhai alilokuwa nalo tangu awali. Ndiyo maana kazi ya muuguzi haimaliziki mgonjwa anapoanza kutabasamu.

Katika mtaa wa Hurlingham, magharibi mwa kitovu cha jiji la Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek inapita katika eneo lenye hospitali na kliniki nyingi. Hospitali ya Nairobi Women's, iliyoanzishwa hapo mwaka wa 2001, hujulikana kwa kuwahudumia akina mama na manusura wa dhuluma za kijinsia. Makundi haya mawili yamo katika hatari ya kupatwa na maradhi ya hisia. Hivyo, si lazima mgonjwa afike Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ndipo akutane na muuguzi wa kumtambua. Mara nyingi mtu hufika kliniki akilalamikia kichwa, tumbo au kukosa usingizi.

Dalili

Maradhi haya ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni huzuni nzito inayodumu kwa majuma mawili au zaidi, ikiandamana na uchovu, kujilaumu, kukosa hamu ya chakula na kutopendezwa na lolote. Ya pili, ijulikanayo na wengi kama baipola, humpandisha mgonjwa katika msisimko uliopindukia, kisha ikamtumbukiza katika huzuni. Akiwa katika msisimko huo hulala kidogo, huzungumza bila kituo na huweza kutapanya mali yake yote.

Mama aliyejifungua huweza kulialia kwa siku chache, na hali hiyo hupita yenyewe. Ikizidi majuma mawili, anahitaji kuchunguzwa. Akianza kusikia sauti zisizokuwapo au kushuku kwamba mtoto ana nia mbaya, apelekwe hospitalini mara moja.

Kuuliza waziwazi

Muuguzi hutakiwa kumuuliza mgonjwa, kwa upole na bila kuzungukazunguka, iwapo anawazia kujiua, iwapo amepanga namna ya kufanya hivyo na iwapo ana kifaa cha kutumia. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo geni. Kwa wengi huwa nafasi ya kwanza ya kuutua mzigo.

Kwa miaka mingi jibu la kweli lingeweza kumfikisha mgonjwa kortini, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo uliwapa wagonjwa na jamaa zao sababu ya kusema bila kuogopa polisi.

Wodini

Kwa mwenye huzuni, muuguzi huketi naye hata akinyamaza, humsaidia kuoga na kula, na humpa kazi ndogo anayoweza kuikamilisha. Kumwambia ajikaze humwongezea hatia. Anayefikiria kujiua huwekwa karibu na ofisi ya wauguzi, vitu vya hatari huondolewa, na hutazamwa kwa nyakati asizoweza kuzikisia. Utulivu wa ghafla, au kugawa vitu vyake, ni ishara ya kuongeza ulinzi.

Mwenye msisimko huhitaji chumba kitulivu, sentensi fupi na masharti yale yale kutoka kwa kila muuguzi. Kwa kuwa hatulii mezani, hupewa chakula cha kushika mkononi, kama vile mayai, ndizi na mkate, pamoja na maji ya kutosha.

Dawa

Dawa za kupunguza huzuni huchukua majuma mawili hadi manne kabla ya manufaa kuonekana, na mgonjwa asipoelezwa hili huziacha. Lithiamu, inayotumiwa kutibu baipola, huhitaji kupimwa damuni, saa 12 baada ya kumeza dozi ya mwisho. Kiwango kikipita milimoli 1.5 kwa lita huanza kuwa sumu. Kutapika, kuharisha, kutetemeka sana na kuyumba ni dalili za kumwita daktari bila kukawia. Mgonjwa asipunguze chumvi ghafla, wala asinunue ibuprofen au diclofenac dukani bila ushauri.

Nyumbani

Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi huiketisha familia na kukubaliana nani atatunza dawa, dalili zipi zitangulizazo ugonjwa na tarehe ya kurudi kliniki. Dawa hutolewa kidogo kidogo. Majuma ya kwanza nyumbani ndiyo ya kuwa macho zaidi, hata kama jamaa wanaona mgonjwa wao amepona. Mawazo ya kujiua yakirejea, asiachwe peke yake, bali afikishwe katika hospitali iliyo karibu.