Wasee, nani alipiga kambi Nyeri kabla yetu?

Kila nikiposti video ya maporomoko ya Karuru au Chania, hiyo komenti haikosi: "Hayo ni mambo ya wazungu. Mtu ana kitanda nyumbani, analala msituni akitafuta nini?" Watu wanacheka, tunaendelea. Mimi pia hucheka, juu hiyo komenti imeshika nusu ya ukweli. Nusu ile ingine ndiyo nataka tuitafute leo. Kama kuna watu wameujua usiku wa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ni wazee wa huku kwetu. Na hawakuwa na tenti.

Chuo niliacha mwaka wa pili, wale mmenifuata kitambo mnajua, kwa hivyo msitarajie mhadhara. Lakini nimekulia Tetu, na stori hii iko chini ya miguu yetu. Nitawapa kambi tatu. Zote zilikuwa kwenye hii milima yetu, na zote zinaingia kati ya 1932 na 1956, miaka isiyofika hata 25.

Kambi ya kwanza: ya starehe

Hapa yule wa komenti ako sawa. Mzungu aliyewafundisha vijana wa dunia nzima kupenda kulala kwa tenti amezikwa hapa Nyeri mjini. Robert Baden-Powell alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1907 aliwapeleka vijana kama 20 kwenye kisiwa cha Brownsea kule kwao, wakapiga kambi, na skauti wakaanzia hapo. Uzeeni aliichagua Nyeri. Kuanzia 1938 aliishi kwenye nyumba ndogo inayoitwa Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko St Peter's, na jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa lugha ya skauti alama hiyo inamaanisha "nimeenda nyumbani." Mpaka leo skauti kutoka nchi nyingi huja kuliona.

Mwenye Outspan, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa amewahi kuwa katibu wa Baden-Powell. Mwaka 1932 alifungua Treetops, kibanda cha mbao juu ya mti wa mugumo, kando ya kidimbwi ambapo wanyama wa Aberdare huja kunywa maji. Mugumo ni mti ambao Wagikuyu waliuheshimu, waliuombea chini yake, si wa kukatwa ovyo. Basi mgeni alilipa, akapanda ngazi, akakaa kimya usiku akitazama ndovu. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alilala huko. Usiku huo huo babake akafariki Uingereza. Alipanda ule mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia na habari zenyewe bado hazijamfikia.

Hao walilala msituni kwa kupenda. Asubuhi chai iliwangoja.

Kambi ya pili: ya watoro

Tuvuke tuende Nanyuki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa wamefungia hapo mateka wa Kitaliano waliowakamata Ethiopia na Somalia. Mateka mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa akiuangalia Mlima Kenya kila siku kupitia seng'enge, mpaka akaamua lazima aupande. Kutoroka kabisa hakungewezekana, atoroke aende wapi? Yeye alitaka kupanda, halafu arudi mwenyewe.

Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka tarehe 24 Januari 1943. Vifaa walijitengenezea kisirisiri kambini: vyuma vya kukanyagia barafu kutoka kwa vipande vya mabati na seng'enge, kamba kutoka kwa vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima waliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Waliufuata mto kupanda juu, wakalala msituni wakiogopa ndovu na vifaru, chakula kikawaishia. Barsotti akaugua akabaki chini. Wenzake wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakaweka bendera ya Italia. Halafu wakashuka, wakajirudisha gerezani baada ya siku 18.

Adhabu? Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi akasema amependa ule moyo wao wa kimichezo, akapunguza zikawa saba. Shikeni hiyo namba, tutairudia.

Kambi ya tatu: ya hawa wetu

Tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya Elizabeth kulala kwenye mugumo, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Maelfu ya watu wakaingia msituni, wengi wakiwa vijana wa umri wetu. Upande wa Nyandarua walikuwako Dedan Kimathi, mtoto wa Tetu, na Stanley Mathenge. Upande wa Mlima Kenya aliongoza Waruhiu Itote, yule tunamjua kama General China.

Kambi zao waliziita mbuci. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lile la kichaka, wakaligeuza likawa la Kigikuyu. Mwanzoni mbuci zilikuwa kama vijiji. Ile ya Kariaini ilikuwa makao makuu: vibanda vya mianzi, jikoni, mahali pa kutibia majeruhi, na makarani. Eeh, makarani. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia msituni, alikuwa akiandika mikutano na majina, juu Kimathi alitaka kila kitu kiwe kwenye maandishi.

Halafu ndege zikaja. Mwaka 1953 ndege ndogo za Harvard zilikuwa zikiruka kutoka Mweiga, hapo tu karibu na mjini, na baadaye zikaja zile kubwa za Lincoln, kudondosha mabomu kwenye msitu huu huu tunaorusha droni. Msitu ulitangazwa eneo lililokatazwa. Ukionekana ndani, unapigwa risasi bila kuulizwa jina. Mbuci kubwa zikavunjika, watu wakabaki kwa vikundi vidogo vya kuhamahama.

Sasa wewe unayependa kulala kando ya maji, fikiria mto ulikuwa nini kwao. Mto ulikuwa maji ya kunywa. Ulikuwa pia barabara, kwa sababu ukitembea ndani ya maji nyayo zako hazionekani. Lakini maporomoko yenyewe, yale tunayasogelea ili sauti iingie vizuri kwa video, yana kelele, na kwenye kelele huwezi kusikia adui akikuja. Moto nao ulikuwa hatari, moshi wa mchana unaonekana na ndege, kwa hivyo kupika kulifanywa gizani. Nguo zikiisha walivaa ngozi. Walikula asali, nyama ya mitego, na chakula kilicholetwa na wanawake wa vijijini mpaka pembeni mwa msitu.

Ndipo serikali ikaamua kukata hiyo njia ya chakula. Kuanzia Juni 1954, Wagikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakasongamanishwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye walinzi na amri ya kutotoka nje. Pembeni mwa msitu likachimbwa handaki refu, likajazwa mianzi iliyochongwa ncha. Nani alichimba? Sana sana ni wanawake, kwa kazi ya kulazimishwa. Mama alikuwa anachimba shimo la kumzuia kijana wake asipate chakula.

Kimathi alikaa msituni karibu miaka minne. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa pembeni mwa msitu, akavikwa pingu kwenye machela, ile picha mnaijua. Alishtakiwa hapa Nyeri, kosa likiwa ni kumiliki bastola. Tarehe 18 Februari 1957 wakamnyonga Kamiti. Kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Sasa turudi kwa ile namba. Waitaliano watatu, mateka wa nchi iliyokuwa vitani na Uingereza, walitoroka wakalala kwenye mlima huu bila ruhusa: siku saba. Wenyeji wa mlima wakalala kwenye mlima wao: risasi, na katika hali ya hatari nzima zaidi ya Wakenya 1,000 wakanyongwa. Najua mtaniambia Waitaliano hawakuwa na bunduki wala hawakuua mtu. Ni kweli, na vita vya Mau Mau viliua watu wengi, wakiwemo Wagikuyu waliouawa na Wagikuyu wenzao. Lakini swali langu linaanza kabla ya bunduki. Mlima uligeuka lini ukawa mahali ambapo mgeni akilala ni mwanamichezo, na mwenyeji akilala ni mhalifu? Mlima Kenya ulifanywa mbuga ya taifa 1949, Aberdare 1950. Wakati huo watu wa chini ya mlima walikuwa wameshazoea kuomba ruhusa kuingia mahali ambapo babu zao walitundika mizinga na kugeukia wakiomba.

Neno lenyewe

Mara ya kwanza nilipomwambia cucu naenda kupiga kambi, aliniuliza, "Kambi? Kwani nani amekufunga?"

Hakuwa anatania. Kwa watu wa rika lake kambi ni Manyani. Ni Mwea. Ni Hola, ambapo wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa tarehe 3 Machi 1959. Cucu alikuwa mtoto wa kubeba maji kwenye kile kijiji cha lazima, gichagi wanavyokiita. Anakumbuka filimbi ya homugadi kuliko anavyokumbuka shule. Kwa hivyo yule wa komenti anaposema Mwafrika halali nje, mimi naona ndani yake kuna huo woga wa zamani. Wazee hawakukosa ujasiri wa kulala msituni. Walilala mpaka wakashiba. Watoto wao wakajengewa nyumba ya mawe na kuambiwa lala ndani.

Na kwa nini hatukuambiwa? Sababu moja ni sheria. Mau Mau ilipigwa marufuku 1950, na marufuku hiyo ikaondolewa 2003. Hesabuni: miaka 40 ya uhuru, na kwenye karatasi wapigania uhuru bado walikuwa kundi haramu. Mimi nimezaliwa karibu na huo wakati. Sababu ya pili inauma zaidi. Kwenye boma nyingi za Nyeri, ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa homugadi. Baada ya vita walirudi kula meza moja. Kimya kilikuwa njia ya kuishi.

Lakini hicho kimya kinatugharimu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Walishinda kwa sababu kuna watu waliofungua mdomo, wakasema jina la kambi na walichofanyiwa. Ambaye hakusema hakuhesabiwa.

Field Marshal Muthoni wa Kirima aliingia msituni akiwa kijana, akatoka baada ya uhuru mwaka 1963. Miaka kama kumi. Rasta zake za msituni hakuzikata mpaka 2022, hapa Nyeri. Septemba 2023 akafariki. Alikuwa anaishi hapa tu, na ni wangapi kati yetu tuliwahi kwenda kumuuliza ni mto gani walikuwa wakichota maji?

Kwa hivyo tusiende?

Tuende! Karuru ina mita 273, inashuka kwa hatua tatu, na huwezi kunishawishi eti hiyo ni ya watalii peke yao. Lipeni kiingilio, chukueni mtu anayejua njia, na msitandike tenti chini kabisa kando ya mto: mvua inaweza kunyesha huko juu mlimani kwako kukiwa kukavu, na maji yakaja usiku. Nanyuki kuna mapango watu wanayaita ya Mau Mau, karibu na maporomoko. Mkifika huko msicheze muziki wa kuamsha wafu. Zimeni kidogo, msikize.

Na kabla ya hiyo safari nawapa kazi. Kila mmoja wenu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Kieni au Nanyuki ana mzee wa miaka 80 na kitu kwa boma yao au ya jirani. Nendeni na ile simu mnabebea msituni, mkaombe ruhusa ya kurekodi, mkaulize mambo matatu tu. Gichagi chenu kilikuwa wapi? Ni nani wa nyumba yetu aliingia msituni, na ni nani hakuingia? Na mto upi ulikuwa njia?

Akikataa kuongea, muache, hiyo ni haki yake. Akiongea, msimkate, hata akienda masaa mawili. Halafu nitumieni. Video ya maporomoko tutaiposti wiki itakayofuata.