Kabla Uchukue SUV, Skiza Hadithi ya Pijo

Kila wiki kuna msee mahali anauliza swali lile lile: "Nimekusanya ganji ya gari ya kwanza. Nichukue Fielder ama nitafute SUV?" Majibu nayo hayabadiliki. Barabara za Kenya ni mbovu, tafuta kitu kiko juu. Fielder ni ya teksi. Probox ni ya miraa. Ukitaka watu wakuheshimu, panda juu.

Mimi ninaona swali hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Wacha nitoe msimamo wangu mapema ndio usisome ukiotea: kama wewe ni mtu wa kwenda job na kurudi, sokoni wikendi, na ocha mara chache kwa mwaka, stesheni wagoni inakutosha, na kwa mambo mengi inaishinda SUV. Hizi SUV hazikutawala dunia kwa sababu ya mashimo ya Kayole. Zilisaidiwa sana na sheria iliyoandikwa Washington, na sisi tunabeba gharama yake mpaka leo.

GARI YA STESHENI

Tuanze na jina, kwa sababu jina linasema kila kitu. Stesheni tunaijua: pale treni inasimama. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, abiria wakishuka treni na masanduku yao walihitaji gari ya kuwafikisha hotelini ama nyumbani. Mafundi wakachukua chesisi ya gari ya kawaida, kama Ford Model T, wakajenga juu yake mwili wa mbao wenye viti na nafasi ya mizigo. Hiyo ndiyo stesheni wagoni. Ilizaliwa ikiwa gari ya kazi, ya kubebea watu na vitu vyao pamoja.

Mwaka wa 1929 Ford yenyewe ikaanza kuuza wagoni ya Model A, bado ya mbao. Shida ya mbao unaijua ukiwa na meza ya nje: jua na mvua zinaimaliza, lazima uipake vanishi kila wakati. 1949 Plymouth ikatoa wagoni ya chuma ambayo familia ya kawaida ingeweza kununua, na katika miaka ya 1950 na 1960 wagoni ikawa ndio gari ya familia Marekani.

Lakini pembeni kulikuwa na ndugu yake mwingine. Chevrolet, mwaka wa 1935, ilitengeneza Suburban ya kubeba watu 8, ila hiyo waliijenga juu ya chesisi ya lori dogo. Kwa macho zilifanana: viti vingi, buti kubwa. Chini, moja ilikuwa gari, ingine lori. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

PIJO HAIKUNGOJA LAMI

Sasa njoo Kenya. Land Rover zilikuwepo, sikatai. Polisi walikuwa nazo, maafisa wa serikali, watu wa mbuga. Lakini mwananchi wa kawaida akisafiri, mara nyingi alibebwa na Peugeot, ile wazee wetu waliita Pijo.

Angalia Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na kupata sifa ya kuvunja magari. Peugeot 404 ilishinda 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki, na 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Halafu 504 ikaja: Ove Andersson akashinda nayo 1975, Jean-Pierre Nicolas 1978. Hizo zote ni gari za magurudumu mawili ya nyuma kusukuma, kwa matope na vumbi, wakati sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Hakuna hata moja ilikuwa SUV.

504 ya kawaida ilitoka 1968, na wagoni yake ikafuata baadaye. Hiyo wagoni ndiyo ilifanya kazi ya ukweli. Peugeot waliirefusha, wakaitengenezea ekseli imara ya nyuma na springi 4, mbili kila upande, ndio ibebe mzigo bila kulala chini. Ile ya familia ilikuwa na safu tatu za viti, watu 7, wote wakiangalia mbele. Kenya tukaifanya gari ya abiria. Inajaa Nairobi, mizigo inafungwa kwa keria, inashuka Bonde la Ufa kwenda Nakuru. Hao abiria 7 wa kwenye karatasi mara nyingi waliongezeka njiani, lakini hiyo ni tabia yetu, usilaumu Wafaransa.

Siri ya Pijo haikuwa kusimama juu sana. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, zikimeza shimo badala ya kulirusha kwa mgongo wako. Juu ya hapo, fundi wa mtaani aliijua kama kiganja chake na spea zilipatikana. Mtu akikuambia ati barabara ya Kenya haiwezi gari ya chini, muulize babu yake alifikaje nyumbani Krismasi ya 1980.

KARATASI YA WASHINGTON

Basi kama wagoni ilikuwa poa hivyo, ilienda wapi?

Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikatia Marekani mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Bei ikapanda, foleni zikajaa kwa vituo vya petroli. 1975 Bunge la Marekani likapitisha sheria: kila kampuni ya magari lazima wastani wa gari zake ufikie kiwango fulani cha kuokoa mafuta, kuanzia magari ya mwaka wa 1978. Wazo zuri kabisa.

Ila kulikuwa na mlango wa nyuma. Malori madogo yaliwekewa kiwango chake, tena rahisi zaidi, kwa sababu ilidhaniwa lori ni la mkulima na mtu wa mjengo. Hebu ona nambari. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, gari ya kawaida ilitakiwa kufikia wastani wa maili 27.5 kwa galoni, yaani kama kilomita 11.7 kwa lita. Lori dogo lilitakiwa 20.7 tu, kama kilomita 8.8 kwa lita. Na ule ushuru maalum wa gari zinazokunywa mafuta sana, uliowekwa 1978, haukugusa malori madogo.

Sasa jiweke kwa kiti cha bosi wa kampuni ya magari. Wagoni yako kubwa inahesabiwa kama gari, inakuharibia wastani. Ukichukua lori, ukaliwekea viti vya ngozi na madirisha, linahesabiwa kama lori, hakuna mtu anakusumbua. Utauza gani? 1983 Chrysler wakaanza kuuza gari zao ndogo za familia zinazofanana na basi, zikachukua wateja wa wagoni. Mwaka wa 1984 ukaja na Jeep Cherokee mpya. 1990 Ford wakaleta Explorer, iliyojengwa juu ya msingi wa pikapu yao ya Ranger. Kufikia 1996 wagoni kubwa za mwisho za Chevrolet na Buick zikafungwa. Matangazo yakafanya kazi iliyobaki: mlima, mto, baba jasiri kwa usukani. Mwenye gari mwenyewe anaipeleka supamaketi.

Chekesho kabisa ni Subaru. Januari 2004 ilijulikana kwamba Outback ya mwaka wa 2005, ambayo ni wagoni ya Legacy iliyovaa buti za mlima, ingebadilishwa na kuinuliwa kidogo ili kisheria Marekani iihesabu kama lori jepesi. Wagoni ikaitwa lori ili ipumue. Ukiwahi kuambiwa SUV ni mahitaji ya barabara, kumbuka hiyo.

CHAGUO LA MNUNUZI WA NAGOYA

Wajapani waliona soko wakaingia na akili zao. 1994 Toyota ikatoa RAV4, isiyotumia chesisi ya lori. Imejengwa kama gari ndogo, ila ikainuliwa. Honda CR-V ikafuata 1995. 1997 zikaja Subaru Forester, ambayo mifupa yake ni ya Impreza, na Toyota Harrier, ambayo mifupa yake ni ya Camry. Yaani nyingi ya hizi SUV tunazoziota mitaani, ukizivua nguo, ni gari ya kawaida imevaa viatu virefu. Na kuna nyingi ambazo magurudumu ya mbele pekee ndiyo yanasukuma, kama tu Fielder.

Hapa ndipo Kenya inaingia tena. Tangu soko lifunguliwe miaka ya 1990, wengi wetu tunanunua gari za mtumba kutoka Japani, na kanuni yetu inasema isizidi miaka 8. Maana yake ni kwamba leo unachagua kati ya zile gari Mjapani alichagua kununua miaka 7 ama 8 iliyopita. Akiacha kununua wagoni huko Nagoya, wagoni itakauka bandarini Mombasa baada ya muda. Na zimeanza kwisha. Caldina iliisha 2007. Legacy ya wagoni ikaachwa Japani 2014, Levorg ikachukua nafasi yake. Wingroad ikafuata 2018, na Honda Shuttle ikasimamishwa 2022. Kwa hivyo hilo swali la Fielder ama SUV, ndugu yako mdogo huenda asipate nafasi ya kuliuliza.

SASA UCHUKUE GANI?

Tuongee matumizi ya kila siku, bila kelele.

Mafuta. Gari ndefu kwenda juu inasukuma upepo mwingi, na mara nyingi ni nzito zaidi. Injini ikiwa sawa, ya chini inakunywa kidogo. Na ushuru wetu wa kuingiza gari unaangalia ukubwa wa injini na bei, kwa hivyo wagoni ya cc 1500 inaanza kukuokolea pesa kabla hata uiwashe.

Mzigo. Sakafu ya buti ya wagoni ni ndefu na iko chini. Gunia la viazi unaliingiza bila kuliinua mpaka kifuani. Probox, tangu 2002, imetengenezwa kwa hesabu ya mzigo, ndio maana wafanyabiashara hawaiachi hata mkiicheka.

Usalama. Kitu kirefu kinapinduka kwa urahisi zaidi, hiyo ni fizikia. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni mtu aliye nje. Utafiti wa taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, uliotolewa 2023, uligundua kuwa gari yenye boneti ya zaidi ya inchi 40 kutoka chini, karibu mita nzima, ina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kuua mtu anayetembea ikimgonga, ukilinganisha na gari yenye boneti ya chini iliyoinama. Kenya, kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu. Nairobi watu wengi sana huenda kazini kwa miguu. Boneti ndefu inafika kifuani mwa mtu mzima, na kichwani mwa mtoto wa shule. Hizo hesabu haziandikwi kwa tangazo la gari.

Nitakuwa mkweli upande wa pili pia. Kuna watu SUV ni yao. Kama kwenu ocha ni mlima wa udongo mwekundu na mvua ikinyesha hata boda inaachwa barabarani, Fielder yenye nafasi ya kama milimita 155 chini yake itakutesa. Forester ina 220 na inasukuma magurudumu yote 4, chukua usiombe msamaha. Mzee wa magoti mabovu naye anaingia SUV kwa urahisi kuliko kuinama. Na kama unataka katikati, tafuta Outback: ni wagoni, lakini iko juu takriban milimita 200.

Ila usinunue urefu kwa sababu ya mafuriko. Mwaka wa 2024 tuliona Nairobi ikizama. Maji yanayokimbia yakifika kama sentimita 60, yanaweza kubeba gari nyingi, SUV zikiwemo. Hapo dawa ni kugeuka, haijalishi umekalia nini.

Kwa hivyo kabla uweke deposit, fanya hesabu ya mwaka mmoja. Ni siku ngapi utapita mahali gari ya chini haiwezi? Ni siku ngapi utakuwa kwa jam ya Thika Road ukichoma petroli? Kama jibu la kwanza ni siku 5 na la pili ni siku 250, basi hizo siku 5 panda boda ama ukodishe gari. Zile 250 ndizo zinalipwa na mshahara wako, na Pijo ilishatuonyesha gari ya kuzimaliza inakaaje.