Diski Haisahau: Historia ya Kompyuta na Siri za Watu

Mwaka jana nilihitaji kompyuta mpakato ya kutunzia mahojiano ya utafiti wangu. Kila mtu niliyemhoji alisaini fomu yenye ahadi niliyoiandika mwenyewe: taarifa zako zitabaki siri. Nikaenda dukani, nikamweleza muuzaji ninachotaka. Akanijibu, "Dada, chukua hii, RAM 16, diski kubwa, inaruka." Ilikuwa ya mtumba, bei ikanivutia, nikabeba.

Usiku nilipoiwasha nikakuta folda ya mmiliki wa zamani: karatasi za mshahara na barua za daktari. Nikazifuta bila kusoma. Baadaye nikagundua kwamba hata kule kufuta kwangu hakukuwa kufuta. Na kumbe wanafunzi wenzetu walishakutana na jambo hili zamani sana.

Mwaka 1998, Simson Garfinkel alinunua kompyuta kumi za mtumba huko Marekani. Ya kwanza iliwahi kutunza mafaili ya ofisi ya mawakili. Nyingine ilikuwa na kanzidata ya shirika lililohudumia watu wenye matatizo ya afya ya akili. Miaka michache baadaye, akiwa mwanafunzi wa uzamivu MIT, yeye na mwenzake Abhi Shelat walinunua diski 158 zilizotumika, kati ya 2000 na 2002. Diski 129 zilifanya kazi. Unajua ngapi zilikuwa zimesafishwa sawasawa? Ni 12 tu! Katika zilizobaki walipata namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki, barua binafsi na taarifa za matibabu. Diski moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea pesa ya Illinois. Zoezi zima liliwagharimu chini ya dola 1,000, na matokeo yakachapishwa Januari 2003.

Wamiliki wengi hawakuwa wazembe. Walifuta mafaili, wengine wakaformati diski nzima. Shida ni jinsi kompyuta inavyofuta. Chukulia mwalimu amekata jina lako kwenye daftari la mahudhurio, ila wewe bado umekaa darasani. Anayesoma daftari atasema haupo, lakini anayefungua mlango atakuona. Kwenye diski kama zile, faili lililofutwa hubaki hivyohivyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Basi ukiwa makini usiuze diski yako, yameisha? Hapana. Tarehe 3 Mei 2006, wezi walivunja nyumba ya mtumishi wa idara ya maveterani ya Marekani, jimboni Maryland. Waliondoka na kompyuta mpakato na diski ya nje ambamo mtumishi huyo alikuwa amepeleka kazi nyumbani: majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu takriban milioni 26.5, vyote vikisomeka wazi. Vifaa vilipatikana mwezi Juni, na FBI ikasema hakuna dalili kwamba taarifa zilifunguliwa. Hata hivyo, mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi. Na ona, hakuna mdukuzi aliyehusika hapa. Ni wizi wa kawaida wa nyumbani.

Dawa ilikuwa inajulikana: kusimba diski nzima, yaani kuvuruga taarifa kwa hesabu ili asiye na ufunguo aone takataka tu. Apple ilileta FileVault mwaka 2003, ingawa mwanzoni ililinda folda ya mtumiaji pekee. Microsoft ikaleta BitLocker pamoja na Windows Vista, lakini kwenye matoleo ya gharama. Linux nayo ina LUKS, bure kabisa.

Ufunguo nao lazima ukae mahali. Februari 2008, watafiti wa Princeton walionyesha kwamba RAM haisahau papo hapo umeme unapokatika, hasa ikipoozwa. Walipulizia hewa ya baridi kutoka kwenye kopo, wakazima na kuwasha tena, wakauokota ufunguo. Kwa hiyo kompyuta uliyoifunika tu ikasinzia haiko salama kama iliyozimwa kabisa. Kisha mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waligundua kwamba baadhi ya diski za kisasa zilizojitangaza kujisimba zenyewe zilifunguka bila neno la siri la mwenyewe.

Sasa turudi dukani. Historia hii inakuonyesha kwamba swali la kwanza halihusu kasi. Jiulize: siku kompyuta hii ikitoka mikononi mwangu, kwa kuibwa, kuuzwa au kupelekwa kwa fundi, mtu ataona nini?

Kwenye mashine ya Windows, andika tpm.msc uone kama ina chipu ya TPM toleo la 2.0, inayotunza ufunguo. Windows 11 imeidai tangu 2021. Angalia toleo la Windows linaruhusu kusimba diski nzima, na kwamba bado linapokea masasisho ya usalama. Washa usimbaji kabla ya kuweka faili la kwanza. Ufunguo wa dharura uandike, uuweke mbali na mashine, maana ukiupoteza hata wewe umefungiwa nje. Na nakala ya akiba isimbwe pia. Maveterani wale waliponzwa na diski ya nje vilevile.

Usidhani haya ni ya Wamarekani tu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ukikusanya taarifa za watu, mwenye wajibu ni wewe.

Mimi niliifuta ile diski yote kwa amri ya diski yenyewe, nikasakinisha mfumo upya, nikaisimba, ndipo nikaingiza sauti za watu wangu. Mmiliki wa zamani simjui na hatajua. Ila kama mashine ingeangukia kwa mwingine, barua za daktari wake zingekuwa zinasomwa sasa hivi.